Nusu Kamba ya Mama Apolline

Mama Apolline hakumwamini mtu. Tuanzie hapo, maana ukisimulia habari zake bila kusema hilo kwanza, utakuwa umedanganya. Muuza chumvi akimpimia, yeye anatazama vidole. Padri akimsifu mtoto wa fulani mbele ya watu, yeye anajiuliza huyo mtoto ameiba nini. Na mtu akifika kwake Kadutu, mtaa wa Bukavu, amevua kofia, akasema kwa sauti ya upole, "Mama, nasikia uko na imbwa za kutoa," Mama Apolline anamkaribisha ndani, anampa kiti, anampa bugari, yaani ugali, na maharagi, kisha anakaa kimya kumtazama anavyokula.

Huo ndio ulikuwa mtihani wake, na wengi walianguka bila kujua kwamba wameketi kwenye mtihani. Aliyekula mpaka akalamba sahani bila kumwangalia mbwa aliyelala mlangoni, huyo aliondoka mikono mitupu. Aliyetupa tonge kubwa kupita kiasi, huku akichungulia kama ameonekana, huyo Mama Apolline alimchukia kabisa. Aliyempenda ni yule aliyekula polepole, akasahau kwamba anatazamwa, na mwisho mkono wake ukashuka chini na kitu kidogo, mwenyewe hana habari.

Huyo alipewa mbwa, tena bure. Mama Apolline alichukua kamba ya mbwa akaikata kwa kisu katikati. Nusu iliondoka shingoni mwa mbwa, nusu ilitundikwa kwenye msumari ukutani. "Siku nitafika nikute amekonda," alisema, "nitakuya na hii nusu yangu, nitaunga, nitamurudisha. Na siku yenyewe sitasema." Msidhani alitisha tu. Alipata kupanda lori mpaka Walungu kwa ajili ya mbwa mmoja mwekundu, akajificha nyuma ya migomba ya watu, akamwona mbwa amenona na analala kivulini, akarudi Bukavu bila hata kupiga hodi.

Tabia hiyo aliitoa kwa baba yake, kule Nyantende. Mzee yule hakuwa na ng'ombe hata mmoja wa kwake, na bado zizi lake lilijaa: ng'ombe wa watu, aliowekeshwa. Kwa Bashi, watu wa kwao, hilo ni jambo la kawaida. Mwenye ng'ombe wengi anampa mwenzake amtunzie. Unachunga, unakamua, lakini siku mwenyewe akija kuangalia, awakute wazima. Apolline alikua akiwaona wenye mali wakifika bila kutangaza, wakishika mbavu za ng'ombe kabla ya kumsalimu mzee. Alikua akijua kwamba kuna vitu unavilea kwa moyo wote na si vyako.

Mbwa walikuja baadaye, mume wake Barthélemy alipokwisha kufa. Mama Apolline alikuwa akiuza mboga kwa wazungu. Asubuhi alishuka Nguba na Muhumba, mitaa yao, na kikapu kichwani, karoti, vitunguu vya majani, na alizijua nyumba kwa mbwa wa pale kuliko kwa wenyewe. Basi ukafika ule mwaka wa maonyesho makubwa ya Bruseli, kwao Ubelgiji. Wazungu wakachukua konji, yaani likizo, kama waliokubaliana, huyu leo, yule kesho, kila mmoja akisema atarudi. Wengine hawakurudi. Mbwa alibaki na boyi, mtumishi wa nyumbani, na boyi aliachiwa mchele wa mbwa. Mwanzo anaula mbwa, halafu, maisha yenyewe haya, anaula boyi. Mbwa wakaanza kuzurura barabarani, na polisi wakaanza kuwapiga risasi.

Siku moja alimkuta mmoja amefungwa kwenye ua wa nyumba tupu, kamba imemla shingo mpaka nyama inaonekana. Mama Apolline alitua kikapu. Akatazama nyuma, akatazama tena, kama mwizi. Akamfungua, akaenda naye. Huyo ndiye wa kwanza, na baada ya huyo hakuweza tena kupita tu.

Azori alifika kwa njia nyingine. Alikuwa dume kubwa la rangi ya kahawa, na habari zake zilitumwa na zamu wa nyumba moja ya Nguba, yaani mlinzi wa getini: mzungu wa zamani ameenda moja kwa moja, mzungu mpya hapendi mbwa, mama wa mboga aje amchukue kabla hajapigwa bunduki. Mama Apolline alienda. Zamu alisimama nyuma ya geti lililofunguliwa nusu, amevaa koti refu na kofia imeshuka mpaka kwenye pua, na jua lilikuwa la mchana, la kuchoma.

"Mama, unakaa wapi?" aliuliza.

"Kadutu, nyuma ya soko. Pembeni ya bomba ya maji."

"Pembeni ya bomba?"

"Ndiyo, njo pale. Juu ya nini?"

Badala ya kusema kwa nini, zamu alimsukuma mbwa nje, akafunga geti kwa haraka kama mtu aliyeona nyoka. Azori akalia, akakwaruza bati. Na upande wa pili Mama Apolline alisikia mtu akivuta kamasi. Aha, alijisemea, huyu ameiba kitu. Aliondoka na mbwa, lakini jambo lile alilihifadhi kichwani, maana hakuwa mtu wa kutupa shaka.

Sasa, kama yeye alimshuku kila mtu, mtaa nao haukulala. Ninyi mliozaliwa juzi hamjui hofu tuliyokuwa nayo ya mutumbula. Ilisemwa hivi: kuna Waafrika waliouza roho zao kwa wazungu, wanamkamata mtu njiani, wanamfungia, wanamnenepesha kama nguruwe, naye polepole anageuka mnyama, na mwisho wake ni ndani ya kopo dukani. Kila aliyepotea, mutumbula alikuwa amepita. Watu waliosoma walicheka mchana, jua likishuka walifunga milango kama wengine.

Basi mtazameni Mama Apolline kwa macho ya jirani zake. Wanyama wanaletwa kutoka kwa wazungu, wamekonda, wana macho ya huzuni kama ya watu. Yeye mjane, yuko peke yake, anawapikia mifupa na vichwa vya ndagala wakati jirani anakula sombe tupu, majani ya muhogo. Wananenepa. Halafu anafika mgeni asiyejulikana, kisu kinatoka, kamba inakatwa, mnyama anaondoka na haonekani tena. Ungekuwa wewe, ungewaza nini? Watu walianza kuvuka barabara wakimwona, na kwenye bomba walimpisha mbele, si kwa heshima.

Jirani aliyemtazama kuliko wote ni Eulalie, aliyekaa upande wa pili wa ua wa matete, akipika kasiksi, pombe ya ndizi, ya kuuza. Mume wake Floribert, Mulega wa misituni Mwenga, alikuwa ameaga, kabla Mama Apolline hajahamia pale, kwamba anakwenda Kamituga kutafuta kazi kwenye machimbo ya dhahabu, akamwacha na watoto na mimba. Mimba ikawa Noëlla, Noëlla akaota meno, akaanza kutembea, na Floribert hakuleta hata salamu. Wengine walisema shimo limemwangukia. Wengine walishusha sauti na kusema lile neno jingine.

Eulalie alikuwa na namna yake ya kuwaita watoto kula. Aliunganisha viganja, akapuliza katikati ya vidole gumba: sauti mbili ndefu, na ya tatu inakatika katikati kama kwikwi. Mtaa mzima uliizoea. Lakini wiki ile Azori alipofika, Eulalie alipopuliza, mbwa yule alisimama, akatetemeka, akatoboa ua kwa kichwa chake, akaenda kuketi mbele ya Eulalie katikati ya watoto, akimtazama usoni. Akamfukuza. Saa ya chakula ya jioni, akapuliza, mbwa huyo hapo tena. Na kesho yake vilevile.

Tangu hapo Eulalie akaanza kuleta chakula. Chakula cha kweli, na nyama, na mafuta ya ngazi, yaani mawese. Mama Apolline alipoona sahani ile kwenye tundu la ua alishtuka. Mwanamke asiyenisalimu ampe mbwa wangu nyama? Hii ni sumu! Akaichukua, akainusa, akaionja kwa ncha ya ulimi, akangoja kufa. Hakufa. Ilikuwa tamu, tena kuliko aliyopika yeye. Akazidi kushuku. Siku ya pili alichuchumaa nyuma ya ua, kimya, akasikiliza.

"Baba Noëlla, kula," Eulalie alikuwa akinong'ona. "Nimeweka mafuta mingi vile unapendaka. Mutoto anatembea sasa, umemuona? Huyu mama anakupiga? Usilie. Nitatafuta namna ya kukutosha humu, urudie nyumbani."

Mama Apolline alishikwa na baridi, mchana kweupe. Hakuwa mjinga. Alijua sasa kwamba kwa jirani yake, mbwa si mbwa, na kwamba yeye mwenyewe, Apolline binti wa mchungaji wa Nyantende, ni mutumbula. Alijua pia watu waliodhaniwa hivyo walivyofanyiwa: nyumba inachomwa, mtu anapigwa mawe. Akaona dawa ni moja tu, kumpatia Azori nyumba ya mbali, upesi.

Alimpata Lucien, mkulima wa mpunga wa Luberizi, mtu mzuri, aliyetaka mbwa wa kufukuza nguruwe wa porini. Alikula maharagi, mkono ukashuka chini wenyewe. Mama Apolline akaridhika, akatoa kisu, akaikunjua kamba. Hapohapo Eulalie akaruka ua.

"Batu bote mukuye! Anauzisha bwana yangu! Munaona kisu? Baba Noëlla, usikubali!"

Watu walijaa kabla hajamaliza kupiga kelele. Ungedhani walikuwa wamesimama barabarani wakingoja. Lucien alikumbuka ghafla kwamba lori linamwacha, akatoweka na hata kofia akaisahau. Akaitwa kapita, yaani mkubwa wa mtaa, Papa Télesphore, mzee wa kaptura iliyopigwa pasi, mtu wa kupenda utaratibu. Alisimama katikati ya uwanja, akakohoa, akaanza kuuliza.

"Mama Apolline, izi imbwa zinafikaka hapa zimekonda?"

"Ndiyo, Papa."

"Na weye unazinenepesha?"

"Sasa nizikondeshe?"

Watu wakaguna.

"Zikisha kunenepa, zinaenda?"

"Zinaenda kwa batu."

"Na hazirudiake?"

"Kama banazitunza muzuri, zirudie kufanya nini?"

Kila jibu lilikuwa la kweli, na kila jibu lilimzamisha. Mama Apolline alijisikia mwenyewe akijichimbia shimo kwa mdomo wake, na hakujua neno jingine la kusema. Papa Télesphore akakohoa tena. Akasema, hapana fujo kwenye mtaa wake, hapana kuchoma nyumba. Lakini Jumapili, kiisha misa, Mama Apolline aonyeshe Floribert alipo. Akishindwa, polisi atapiga mbwa wote risasi, naye atabeba vitu vyake arudi kwao Nyantende.

"Papa, bwana si wangu! Kama amepotea, ni miye nilimupoteza?"

"Jumapili," alisema Papa Télesphore.

Usiseme Mama Apolline hakuogopa. Mbwa walikuwa wengi pale uani siku zile, pamoja na yule wa shingo iliyoliwa na kamba, aliyekuwa hajapata wa kumchukua kwa sababu ya kovu lake. Aliwatazama wote wamelala juani, hawana habari, akalia. Halafu akakasirika kwamba amelia. Na hasira ndiyo iliyomfungua akili.

Asubuhi alimwita Eulalie kwenye tundu la ua. Eulalie alikuja akiwa ameshika mwiko kama silaha.

"Sikukuita kugombana," alisema Mama Apolline. "Nakuuliza moja tu. Ile namna yako ya kupuliza, nani alikufundishaka?"

"Baba Noëlla mwenyewe. Juu ya nini?"

"Yeye aliitosha wapi?"

"Kwabo, mu pori. Kila nyumba ya bawindaji iko na yayo. Baba anapatia mutoto, mutoto anapatia bibi yake siku ya kumuoa. Imbwa ya nyumba ingine haiwezi kuitika, hata ungepuliza mupaka jioni. Njo maana nilimutambua." Eulalie akashusha mwiko. "Mama, mu Bukavu yote, nani anaijua? Miye na yeye tu. Na huyu anaitika. Utaniambia nini?"

Kichwani mwa Mama Apolline jambo lilikuwa limegeuka. Huyu mwanamke anasema mbwa anaitika, kwa hiyo mbwa ni mume. Mimi nasema mbwa haitiki asichofundishwa. Kuna mtu amempulizia mbwa huyu, tena si siku moja, na amempulizia saa ya chakula. Na nani aliyekuwa akimlisha? Hapo akakumbuka geti lililofunguliwa nusu, na kofia iliyoshuka mpaka puani, na lile swali: pembeni ya bomba?

Angeweza kumwambia Eulalie palepale. Mwingine angemwambia. Yeye aliona Eulalie atapiga kelele, Papa Télesphore atasikia, Papa Télesphore akinywa kasiksi atasimulia, na habari zitafika Nguba kabla yao, na yule mtu atavuka daraja la Ruzizi aingie Rwanda, asionekane tena. Akafunga mdomo. Jumamosi akajaza kikapu vitunguu vya majani, akashuka peke yake, bila mbwa, akaketi ng'ambo ya barabara mkabala na lile geti, mahali anapoona mpaka uani, chini ya ua wa miti, kama anayepumzika.

Mchana mwanamke mmoja alitoka kwenye boyeri, kile chumba cha watumishi nyuma ya nyumba, akaweka sahani juu ya jiwe. Alikuwa mjamzito. Zamu akaja bila kofia, akaketi, akaosha mikono. Halafu, kabla ya kugusa chakula, akaunganisha viganja akapuliza: mbili ndefu, na ya tatu ikakatika. Akangoja, shingo imeinuliwa, akitazama kwenye kona ya nyumba.

Yule mwanamke akacheka. "Imbwa yako ilishakwendaka! Kila siku unasahau."

Zamu akashusha mikono. Akatazama sahani, akapangusa macho kwa mgongo wa mkono, akaanza kula.

Mama Apolline alikuwa amepata alichokitafuta, na alipaswa kufurahi. Lakini alisimama pale na kikapu chake, moyo unamwaka. Analilia mbwa! Mtu amemwacha mke na mimba, ameacha watoto walale njaa mwendo wa kuivisha sufuria moja ya maharagi kutoka hapa, na machozi yake yote ni kwa mbwa. Alitaka kuvuka barabara amkamate koo. Badala yake alipanda mlima kurudi Kadutu, na usiombe kukutana naye siku ile.

Jumapili walikuja wote, wamevaa nguo za misa, na fimbo. Polisi alikuwapo na bunduki yake, anatazama chini, maana mbwa mmoja alikuwa akimlamba kiatu. Papa Télesphore akasema, "Haya, Mama. Floribert iko wapi?"

"Twende Nguba."

Manung'uniko yakazuka. Kwa wazungu! Si mnaona? Anatupeleka kwa mabwana zake, watukamate sote! Wengine walikumbuka kwamba wameacha vyungu motoni. Mama Apolline alimfunga Azori kamba, hakubembeleza mtu.

"Miye naenda," alisema Eulalie. Alimfunga Noëlla mgongoni, akatangulia. Ikawa aibu kwa wanaume kubaki.

Waliteremka wakibishana njia nzima kama Mama Apolline atakimbia au atawageuza. Yeye mwenyewe alikuwa akijiuliza. Kama yule mtu ametoka? Kama amenusa jambo? Alimshuku Floribert, akamshuku Mungu kidogo pia. Azori alianza kuvuta kamba mbali kabla ya geti kuonekana, na Eulalie alipoona anavyovuta, alidhani mume wake anaogopa kurudi mahali alipogeuzwa, akamwekea mkono kichwani.

Kwenye geti hapakuwa na mtu. Mama Apolline alimgeukia Eulalie.

"Puliza."

"Juu ya nini? Si huyu hapa?"

"Puliza tu, mutoto yangu."

Eulalie aliunganisha viganja. Mara ya kwanza ilitoka pumzi tupu. Mdomo ulikuwa umemkauka. Akalamba midomo, akapuliza tena. Mbili ndefu. Ya tatu ikakatika.

Kutoka nyuma ya nyumba kukaitikwa: mbili ndefu, na ya tatu ikakatika.

Watu wote wa Kadutu walirudi nyuma hatua moja. Ninaamini yule mtu hakufikiri. Mikono ilitangulia kichwa. Zilisikika hatua za mbio kwenye changarawe, geti likafunguka, na Floribert akatokea, tonge bado liko shavuni, uso wote umefurahi. Furaha hiyo ilikuwa ya mbwa. Azori alimponyoka Mama Apolline, akamrukia kifuani, akalia kama mtoto. Kisha Floribert akainua macho akaona mtaa wake mzima umesimama barabarani na nguo za Jumapili.

Eulalie alimtazama mbwa. Akamtazama mtu. Akarudi kwa mbwa.

Papa Télesphore akakohoa. "Basi," alisema, "naona... muko bawili." Mtu mmoja akacheka, wengine wakamfuata, fimbo zikaanza kushushwa moja moja, na polisi akatundika bunduki begani. Hakuna aliyemwomba Mama Apolline msamaha. Walimtazama tu kwa aibu, na yeye aliona hiyo inatosha, maana hakuwa akitegemea hata hiyo.

"Mama Noëlla," alianza Floribert, "nilikuwa nataka kukuya. Kazi ya hapa haina ruhusa. Na ile barabara..." Mlangoni mwa boyeri yule mwanamke mjamzito alikuwa amesimama, mkono kiunoni, akisikiliza kwa makini kuliko wote.

Eulalie hakupiga kelele. Sisi tuliomjua tulingoja kelele, hazikuja. Alisogea mpaka karibu naye, Noëlla akichungulia begani.

"Miye nilikulilia," alisema. "Nilifikiri banakuteka, banakugeuza imbwa. Nilikuwa nakupikia nyama, batoto banakula sombe. Nilikuwa nalala nafikiri, iko na baridi, hawezi kusema, anataka kurudia nyumbani hana kinywa." Alivuta pumzi. "Kumbe ulikuwa mutu tu."

Floribert akatazama chini. Hata yule mwanamke wa boyeri akageuza uso.

"Azori," alisema Eulalie. Mbwa akamtazama, akamtazama Floribert, mkia ukasita. Eulalie akaunganisha viganja, akapuliza taratibu, mbwa akashuka kutoka kifuani mwa yule mtu akaja kuketi mbele yake, kama kila siku saa ya kula.

"Mama Apolline, huyu nitamuchukua miye. Nitapita mutihani wako. Nitakula maharagi yako, utaniangalia."

Mama Apolline alishika kamba. Kisu kilikuwa kiunoni, kama siku zote. Alikitoa, akakiweka juu ya kamba, na sote tulingoja akate, maana hapakuwa na mbwa aliyewahi kutoka mikononi mwake bila kukatiwa kamba, hata wa padri. Kisha akarudisha kisu kiunoni, akamwekea Eulalie mkononi kamba nzima.